Radi ilimwua kaka yangu. Nitawafundishaje vijana kwamba mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu?

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mwalimu wa vijana kanisani kwetu kwa muda mrefu. Somo nililolipenda kuliko yote ni uumbaji. Kila tulipokwenda kambi, usiku wa mwisho mimi ndiye niliyewatoa vijana nje. Taa zinazimwa, wanalala chali kwenye majani, nami nawasomea Zaburi ya 19: "Mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu, na anga laitangaza kazi ya mikono yake." Sikuwa nasoma tu, nilikuwa nayaona yale niliyoyasoma. Wapo watu wazima leo, wana familia zao, ambao huniambia kwamba imani yao ilianzia kwenye majani yale.

Mwaka jana kaka yangu alipigwa na radi. Alikuwa akirudi nyumbani kwa miguu. Mvua yenyewe haikuwa imeanza, mawingu yalikuwa bado yamekusanyika upande mmoja. Alifia palepale. Alikuwa mpole, mtu wa sala, na kwangu alikuwa kama baba tangu wazazi wetu walipofariki.

Kwenye mazishi mzee mmoja wa kanisa alisimama akasoma Zaburi ya 29, ile inayosema sauti ya Bwana yaivunja mierezi. Akatuambia tusinung'unike, kwani radi ni sauti ya Mungu na Mungu hakosei. Namfahamu yule mzee, alikuwa na nia njema. Lakini pembeni walikuwepo walionong'ona kwamba Mungu hampigi mtu bure, lazima kuna jambo. Wifi yangu aliyasikia. Mwanawe wa miaka 14 aliyasikia pia.

Wiki chache baadaye kijana huyo aliniuliza: "Shangazi, zile nyota ulizokuwa unatuonyesha, aliyeziumba ndiye aliyempiga baba?" Nikamwambia tutazungumza. Mpaka leo hatujazungumza.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Mdogo wangu wa kiume anasoma fizikia chuoni na aliacha kwenda kanisani siku nyingi. Usiku wa msiba alikaa nami jikoni akasema, "Dada, radi ni umeme tu. Haikumjua kaka." Mshauri, maneno hayo yalinifariji kuliko yote niliyoambiwa na waumini wenzangu. Ndipo nikaanza kuogopa. Kama faraja yangu inatoka kwa mtu asiyeamini, je, imani yangu bado ipo?

Sasa mchungaji amenijia. Kambi ni baada ya miezi miwili, kichwa cha mwaka huu ni Zaburi ya 19 hiyohiyo, na anataka nifundishe mimi na niongoze usiku wa nyota kama zamani. Anaamini kwamba itanisaidia kupona. Mtoto wa kaka yangu amejiandikisha. Ukweli ni kwamba tangu msiba sijakaa nje usiku hata kidogo. Ngurumo ikisikika mbali nafunga madirisha, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio mpaka nakaa chini sakafuni. Nikitazama anga sioni utukufu, naona kitu kikubwa kisichotujali.

Nikikataa, watajua kwamba mwalimu wao ameyumba, na huenda yule kijana akapata jibu la swali lake kutokana na kukataa kwangu. Nikikubali nitakuwa nasimama mbele yake kusema nisichokiona tena. Je, mbingu zinasema nini hasa juu ya Mungu? Na je, ninao uaminifu wa kulisema?

Shangazi Asiyetazama Juu


JIBU

Dada yangu,

Pole sana. Pole kwa kaka yako, pole kwa wifi yako, na pole kwa kulibeba swali la mtoto muda wote huu bila mtu wa kusaidiana naye. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja kabla ya kuandika chochote.

Nikuambie kwanza nilivyokuelewa, nawe unisahihishe. Sidhani kwamba umempoteza Mungu. Nadhani umepoteza mahali mlipokuwa mkikutana. Wapo wanaokutana naye katika nyimbo, wapo wanaokutana naye katika sala za alfajiri, na wewe ulikutana naye chini ya nyota. Pigo likatoka hapohapo. Sasa unaombwa kuwapeleka watoto wa watu mahali hapo, mtoto wa kaka yako akiwa kati yao, na unauliza kama huo utakuwa uongo. Tena kuna hofu ya pembeni, kwamba kufarijiwa na mdogo wako ni hatua ya kwanza ya kutoka kanisani.

Hiyo ya pembeni naomba niishughulikie kwanza, maana naiona nyepesi kuliko unavyoiona wewe.

Alichokisema mdogo wako ni kweli. Ndani ya wingu la dhoruba chembe za barafu hugongana, chaji za umeme hutengana, na zikizidi sana umeme hujitafutia njia. Hewa unamopita hupata joto la karibu nyuzi 30,000 za Selsiasi, hutanuka kwa ghafla, na mtanuko huo ndio tunaousikia kama ngurumo. Satelaiti zimeonyesha kwamba duniani kote radi humulika karibu mara 40 hadi 50 kwa kila sekunde, na nyingi hazigusi ardhi kabisa. Haikumjua kaka yako. Haikumtafuta kwa jina wala haikuwa imeandikiwa dhambi yake. Nadhani ndiyo maana ulifarijika: mdogo wako alimtetea marehemu dhidi ya wale walionong'ona. Katika usiku ule, kwa maneno yale, yeye ndiye aliyesema jambo lililo karibu zaidi na Injili.

Nasema hivyo kwa makusudi. Yesu aliwauliza wasikilizaji wake kuhusu wale watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu: je, walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Na ni yeye aliyesema kwamba Baba huwaangazia jua waovu na wema, na huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Historia ya kanisa nayo ina ushahidi wake mchungu. Kwa karne nyingi huko Ulaya kengele za makanisa zilipigwa wakati wa dhoruba ili kufukuza radi, na wapiga kengele wengi walikufa kamba zikiwa mikononi mwao, kwa sababu mnara wa kanisa ndio uliokuwa jengo refu kuliko yote mjini. Kama radi ingekuwa hukumu inayolenga watenda maovu, isingekuwa ikipiga minara ya makanisa na watumishi waliokuwa kazini. Baada ya Benjamin Franklin kubuni kinga ya radi katikati ya karne ya 18, walikuwepo waumini walioipinga kwa kuona kwamba inauzuia mkono wa Mungu. Leo kinga hiyo iko juu ya makanisa mengi na hakuna anayeiita uasi.

Kwa hiyo kujua jinsi radi inavyofanya kazi hakukutoi katika imani. Padri Mbelgiji Georges Lemaître ndiye aliyependekeza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, kisha mwaka 1931 kwamba ulianza kutoka katika hali ndogo sana iliyosongamana. Mwaka 1951 Papa Pio XII alizungumza kana kwamba nadharia hiyo inathibitisha uumbaji, na Lemaître, padri mwenyewe, hakupendezwa. Kwake nadharia ilipaswa kusimama au kuanguka kwa vipimo vyake, na imani yake haikuwa imeegemea hapo. Mpe mdogo wako shukrani zake bila woga. Ikiwa hujamwambia kwamba maneno yake yalikusaidia, pengine angependa kujua.

Sasa lile zito. Mbingu zinasema nini hasa?

Naona kama umebeba dhana moja ambayo wengi wetu tunayo, nami naomba tuitazame taratibu: kwamba kama mbingu zinamhubiri Mungu, basi zinapaswa kumhubiri Mungu mzima. Kwamba ukitazama juu unapaswa kuona pamoja na ukuu wake pia upole wake, nia yake juu yako, na sababu ya kaka yako kufa. Ukikosa kuviona hivyo unahitimisha kwamba ama mbingu zimenyamaza ama wewe umepofuka. Lakini soma tena kile ulichokuwa ukikisoma kambini. Zaburi inasema mbingu zauhubiri utukufu. Paulo, katika Warumi 1:20, anataja vitu viwili tu vinavyofahamika kwa kazi zake: uweza wake wa milele na Uungu wake. Hakutaja upendo. Hakutaja msamaha. Na Zaburi ya 19 yenyewe haikai juu kwa muda mrefu. Ikifika mstari wa 7 inashuka kwenye sheria ya Bwana inayoiburudisha nafsi, na mwishoni iko ndani ya moyo wa mtu mmoja anayeomba asafishwe makosa yake ya siri. Mtunzi alijua kwamba kuna mambo ambayo anga haikuyabeba.

Wakristo wamebishana sana hapa. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikani, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1870 ulifundisha kwamba akili ya mwanadamu inaweza kumjua Mungu kwa hakika kupitia viumbe. Mwaka 1934 mwanateolojia Karl Barth alimjibu mwenzake Emil Brunner, aliyeona kwamba Mungu hujulikana kwa kiasi fulani kupitia maumbile, kwa kijitabu alichokipa jina la "Hapana!" Aliogopa kwamba mtu akianza kumsoma Mungu katika maumbile na historia bila kumtazama Kristo, atasoma chochote anachokitaka. Hiyo ilikuwa Ujerumani ya wakati ambapo watu walidai kuisikia sauti ya Mungu katika damu na ardhi ya taifa lao. Mimi binafsi sikubaliani na Barth kwa yote, naona alifunga mlango ambao Zaburi zimeuacha wazi. Lakini hofu yake naiheshimu, kwa sababu ndicho kilichotokea kwenye msiba wenu. Watu waliitazama radi, wakasoma ndani yake hukumu, wakaitangaza kwa kunong'ona. Walikuwa na anga, wakamsahau Kristo.

Na yule mzee? Hakusema uongo kwamba Zaburi ya 29 inaiita ngurumo sauti ya Bwana. Ni wimbo wa sifa wa mtu aliyesimama mbele ya dhoruba akastaajabu, na unamalizika kwa ombi kwamba Bwana awabariki watu wake kwa amani. Biblia hiyohiyo inatuambia kwamba Eliya alipokuwa pangoni, amechoka kiasi cha kuomba afe, Bwana hakuwamo katika upepo, wala katika tetemeko, wala katika moto. Ikaja sauti ndogo, ya utulivu. Sijui njia ya kuzipatanisha sehemu hizo mbili mpaka mshono usionekane. Naona tu kwamba ya kwanza inaimbwa na mtu mwenye nguvu, na ya pili alipewa mtu aliyevunjika.

Dada, kuna kitabu ambacho sijui kama umekifungua tangu msiba, nami nitakaa hapo kidogo. Ni Ayubu. Tunakumbuka kwamba alipoteza mali na watoto. Tunasahau namna alivyowapoteza. Mjumbe mmoja anakuja na kusema, "Moto wa Mungu umeanguka kutoka mbinguni," umewateketeza kondoo na watumishi. Mwingine anakuja na habari ya upepo mkubwa kutoka jangwani ulioipiga nyumba ikawaangukia watoto wake wote. Moto kutoka juu na upepo. Ayubu ni mtu aliyefiwa kwa mkono wa anga, kama wewe.

Halafu wanakuja rafiki zake, na wao nao wanatumia anga. Elifazi anamwambia atazame nyota zilivyo juu. Elihu baadaye anamwambia aziangalie mbingu na mawingu yaliyo juu kuliko yeye, na anazungumza kirefu, kwa ufasaha mkubwa, juu ya umeme na ngurumo. Bildadi naye alikwisha kumwambia kwamba watoto wake walikufa kwa kosa lao. Ukiyatazama maneno ya Elifazi juu ya nyota peke yake huyaoni kuwa na kosa, ungeweza kuyasoma kambini. Lakini yalikuwa ushahidi katika kesi ya kumtia Ayubu hatiani, na mwishoni Mungu anasema waziwazi kwamba hasira yake imewaka juu ya Elifazi na wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyonena. Ayubu, aliyelalamika, aliyelaani siku aliyozaliwa, aliyetaka kumpeleka Mungu mahakamani, ndiye aliyenena sawa.

Na kabla ya hukumu hiyo Mungu mwenyewe amekwisha kusema. Anatokea wapi? Katika upepo wa kisulisuli. Anakuja ndani ya kitu cha namna ileile kilichowaua watoto wa mtu huyu. Anamtoa Ayubu nje ya majivu yake na kumwonyesha bahari, theluji, umeme, nyota. "Je! Waweza kuufunga mnyororo wa Kilimia, au kuvilegeza vifungo vya Orioni?" Hampi sababu hata moja ya kilichotokea. Hamlaumu kwa dhambi yoyote iliyosababisha vifo. Kwa muda mrefu jibu hilo lilinisumbua, nililiona kali mno kwa mtu aliyefiwa. Bado sehemu yake inanisumbua. Lakini Ayubu mwenyewe halipokei hivyo. Anasema, "Nilikuwa nimesikia habari zako kwa kusikia kwa masikio, bali sasa jicho langu linakuona." Alichokipata ni Mwenye anga, aliyemjia na kuzungumza naye. Maelezo hakupewa.

Angalia basi tofauti iliyopo kati ya midomo miwili. Nyota zilezile mdomoni mwa rafiki zilikuwa fimbo, na mdomoni mwa Mungu zikawa kukutana. Hilo ndilo linalonifanya nisite kukuambia moja kwa moja "nenda ukafundishe" au "usiende." Swali la kama mbingu zinahubiri naona ni la pili. La kwanza ni nani anazitumia, mbele ya nani, na kwa lengo gani.

Ukiniuliza Mkristo anajuaje kwamba huyo Mwenye anga anatujali, sitakuonyesha juu. Yohana anaandika kwamba hakuna mtu aliyemwona Mungu wakati wowote, Mwana ndiye aliyemfunua. Alipokuwa msalabani, Injili inasema giza lilikuwa juu ya nchi yote tangu saa sita hata saa tisa. Mbingu hazikuhubiri utukufu wowote saa hizo, na Mwana mwenyewe alilia akiuliza mbona ameachwa. Unaposema kwamba ukitazama juu huoni anayekujali, unasema jambo ambalo limewahi kusemwa na yeye tunayemwamini. Silitaji ili kukunyamazisha. Nalitaja kwa sababu umeandika kana kwamba mtu asiyeona kitu angani hana nafasi katika imani hii.

Tuje kwenye kambi. Naona njia kadhaa mbele yako, kila moja na gharama yake.

Unaweza kukataa. Si aibu, na si lazima kukataa kuwe tangazo la kuyumba. Mwalimu aliyefiwa ana haki ya kukaa kiti cha nyuma mwaka mmoja au zaidi. Hatari yake umeiona mwenyewe: kijana anaweza kutafsiri kutokuwepo kwako. Lakini atatafsiri tu ikiwa utamwacha atafsiri peke yake. Ukikataa kambi na ukakaa naye chini ukamwambia kwa nini, hilo nalo ni somo, na huenda likawa zito kuliko la usiku wa nyota.

Unaweza kukubali na kufundisha kama ulivyofundisha zamani. Hapa ndipo ninapokuwa na wasiwasi mkubwa, na nitakuambia sababu. Si kwamba utakuwa mnafiki. Wahubiri wote kuna siku husoma maneno yaliyo makubwa kuliko wanavyojisikia, na Neno halisubiri hisia zetu. Wasiwasi wangu ni yule mtoto. Yeye anajua ulichokuwa unakiona, na ameshauliza. Ukisimama mbele yake ukasoma Zaburi ya 19 kana kwamba mwaka jana haukuwepo, anaweza kujifunza kwamba kanisani kuna maswali yasiyoulizwa. Mchungaji wako anaamini kwamba kufanya hivyo kutakuponya. Huenda. Wengine hupona kwa kurudi kwenye kazi waliyoipenda. Wengine huumizwa upya, nawe ndiwe unayeujua mwili wako.

Unaweza pia kukubali sehemu. Fundisha mchana, ndani, na usiku wa nyota umwachie mwalimu mwingine, nawe uwepo au usiwepo. Au badilisha somo kidogo: badala ya kuwauliza vijana wanaona nini angani, wasome Ayubu 38 wakijua kilichotokea katika Ayubu 1. Vijana wa umri huo wanaweza kubeba zaidi ya tunavyowapa. Wengi wao wana misiba yao ambayo hakuna aliyeiuliza. Ungeweza kusoma Zaburi ya 147, ambako mistari miwili imekaa bega kwa bega: "Huwaponya waliopondeka moyo, na kuziganga jeraha zao. Huihesabu idadi ya nyota, huzipa zote majina." Hatari ya njia hii ni kwamba unaweza kulia mbele yao, na kuna makanisa ambayo hayajui la kufanya na mwalimu anayelia. Unalijua kanisa lako kuliko mimi. Pia kuna hatari ya kumfanya mtoto wa kaka yako kuwa mfano mbele ya wenzake bila ridhaa yake. Hilo tafadhali liepuke kwa gharama yoyote. Kama utamtaja baba yake, mwombe kwanza, na kama atasema hapana, iwe hapana.

Vyovyote utakavyochagua, naona swali lake haliwezi kusubiri kambi. Unaogopa kwa sababu unadhani anataka jibu kamili. Mtoto wa miaka 14 anayemuuliza shangazi yake swali kama lile, mara nyingi anapima kwanza kama linaweza kuulizwa. Unaweza kumwambia mambo unayoyajua: kwamba baba yake hakuadhibiwa, na waliosema hivyo walikosea, na Yesu alikwisha kuwajibu watu wa namna hiyo. Kwamba hujui kwa nini Mungu aliyeziumba nyota hakuizuia radi ile, na umemwuliza, na bado unamwuliza. Unaweza kumwambia kwamba wewe pia huangalii juu siku hizi. Pengine utamkuta naye haangalii. Ama huenda utamkuta yeye anaangalia kila usiku, akimtafuta baba yake huko, na atakuwa na la kukufundisha.

Kuhusu mwili wako: huko kutetemeka na kukaa sakafuni ngurumo ikisikika si upungufu wa imani. Ni dalili zinazowapata watu wengi baada ya kifo cha ghafla na cha kutisha, na zipo tiba zinazosaidia. Muone daktari au mshauri wa saikolojia, hasa kama hali haipungui, na usikubali mtu akuambie kwamba kufanya hivyo ni kumkosea Mungu imani. Na kama utakwenda kambini, waulize waandaaji kwa sauti kubwa mpango wao wa hali ya hewa ni upi. Ngurumo ikisikika, hata kama mvua haijaanza, vijana waingie ndani ya jengo imara au gari lililofungwa, wasisimame chini ya miti wala uwanjani, na wasitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wewe una haki kuliko mtu yeyote ya kulisisitiza hilo, na nadhani utalala vizuri zaidi ukijua limepangwa.

Kwa mchungaji ningesema mapema, wiki hii ikiwezekana, hata kama hujaamua. Mwambie ulichoniandikia kuhusu madirisha na mikono. Inawezekana kabisa kwamba hajui. Na kabla hujampa jibu la mwisho zungumza na wifi yako. Katika barua yako umemtaja mara moja tu, akiwa amesikia manong'ono, kisha akatoweka. Anaonaje mwanawe kwenda kulala nje usiku, kusikiliza habari za anga, mwaka mmoja tu baada ya baba yake? Kama yeye hataki kijana aende kabisa, au kama ni yeye aliyemwandikisha kwa kuwa anaamini wewe utakuwepo, mengi niliyoyaandika hapa yatabadilika. Niandikie ukishajua.